Ganzi ya mbanguaji korosho: uchambuzi wa kisa kutoka Mtwara

Karatasi ya rufaa iliyotoka zahanati ya kijijini ilikuwa fupi: mwanamke wa miaka 46, mkulima na mbanguaji korosho, ganzi na udhaifu wa mkono wa kushoto, apewe splinti (kifaa cha kushikilia kiungo) na ushauri wa kazi. Mtu yeyote aliyeishi Mtwara msimu mmoja tu angeisoma na kukubali papo hapo. Korosho huunguza mikono, na kila mtu huku anajua. Ganda lake lina mafuta yenye asidi ya anakadi na kadoli, vitu vinavyobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu viganjani kabla ya kushika kazi.

Kisa hiki nimekisuka kutokana na wagonjwa zaidi ya mmoja, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi mtoa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudia kazi zake za kila siku, anavyofikiri pale ambapo sababu ya ugonjwa inaonekana wazi mno. Kwangu mimi hapo ndipo penye mtihani. Mgonjwa mwenye dalili za ajabu humshtua kila mtu, na akishashtuka mtu huuliza. Mbanguaji mwenye mkono mbovu mkoani Mtwara hamshtui yeyote.

Aliyempokea ni kijana wetu, hajamaliza mwaka kazini, amesomea Moshi kama wengi wa fani hii nchini. Ni mchapakazi, na fomu zake huwa safi. Aliandika kwamba tatizo ni mkandamizo wa neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono kwa sababu ya kurudia tendo lile lile, pamoja na majeraha ya mafuta ya korosho. Mpango wake ulikuwa splinti ya kifundo ya kuvaa usiku, glovu, mapumziko katikati ya kazi, na meza ya kubangulia yenye kimo kinachofaa. Ukiupeleka mpango huo kwenye mtihani wa darasani, unafaulu.

Nilichokiona mimi kilikuwa kwenye mchoro. Fomu yetu ina picha ya kiganja ambayo mtoa tiba huitia kivuli kuonyesha palipo na ganzi. Kijana alikuwa ametia kivuli mkono mzima, kuanzia gumba hadi kidole cha mwisho, mbele na nyuma. Nikamuuliza kama amepima. Akasema mama mwenyewe amesema "mkono", na karatasi ya rufaa inasema "mkono".

"Kapime kidole kimoja kimoja, halafu uchore upya."

Alirudi na mchoro mwingine. Safari hii kivuli kilikuwa kwenye kidole cha mwisho, nusu ya kidole cha pete, na ukingo wa kiganja upande huo. Gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa na hisia zote. Kwa anayejua ramani ya neva za mkono, mchoro huo peke yake unaiondoa mediani na kuileta alna, neva inayopita nyuma ya kiwiko. Splinti ya kifundo ingekuwa mapambo.

Kijana hakukawia. Akasema basi ni mkandamizo wa alna kwenye kiwiko, maana mbanguaji huegemeza kiwiko mezani kutwa nzima. Ni wazo zuri na ugonjwa huo upo. Lakini tazama alivyolifikia: kutoka korosho ya kifundo alirukia korosho ya kiwiko. Alihama nyumba, hakuhama mtaa. Jibu la kwanza lilipoanguka alitafuta jingine ndani ya sababu ile ile, na sababu yenyewe hakuigusa.

Sikumwambia amekosea, kwa kuwa hata mimi wakati huo sikujua. Nilimuuliza swali ninalowauliza wote: kama unachosema ni kweli, tukimkalisha mama abangue mbele yetu tutaona nini? Na tukiona nini, utakubali kwamba siyo? La kwanza alilijibu haraka: tutaona kiwiko cha kushoto kimeegemea. La pili lilimchukua muda. Mwishowe akasema, "Kama kiwiko hakigusi kitu."

Tulichokiona mkekani

Fani yetu ina kitu ambacho daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana: ruhusa ya kumtazama mtu akifanya kazi yake. Wengi wetu tunaisahau. Tunamkalisha mgonjwa kwenye kiti cha idara, tunampa vijiti vya plastiki avitie kwenye matundu, kisha tunaandika kwamba "uwezo wa vidole umepungua". Vijiti vya plastiki haviwezi kukuambia mama huyu anaishije.

Alikuja na wifi yake na mfuko wa korosho zilizokwisha kuchomwa. Tukatandika mkeka nyuma ya idara, kivulini, tukamwomba akae kama anavyokaa nyumbani. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, jiwe bapa katikati, kigongo mkono wa kulia. Meza ambayo kijana alikuwa ameshaipigia hesabu ya kimo haikuwa na kazi yoyote hapo. Kiwiko cha kushoto kilikuwa hewani. Hakikugusa jiwe, goti wala kitu kingine, kuanzia korosho ya kwanza hadi tulipomwambia apumzike.

Korosho huisimamisha kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto, kigongo kinashuka, ganda linapasuka, naye anachomoa punje. Vidole hivyo vitatu vilikuwa vyeusi kwa mafuta, ngozi ngumu, na alama za kubabuka za zamani. Ndivyo vinavyoguswa na korosho siku nzima, na ndivyo vilivyokuwa na hisia timamu. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa pembeni, vimejikunja kidogo kwenye viungo, havishiki kitu. Vilikuwa safi, havina weusi wa mafuta. Hivyo ndivyo vyenye ganzi.

Kijana aliliona kabla sijafungua mdomo. Alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Korosho inagusa vidole vizima, vibovu haivigusi."

Kwenye ukingo wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, palikuwa na kovu bichi la lengelenge. Tukamwomba aonyeshe anavyochoma. Akaigiza: mkono wa kulia unakoroga kwa kijiti kirefu, wa kushoto unatuliza bati lisiyumbe, na ukingo wa kiganja ndio unaolala kwenye bati.

"Hapa uliungua lini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Niliona tu limetumbuka."

"Halikuuma?"

"Ya mafuta ndiyo yanauma, hulali. Hili halikuuma."

Mama alikuwa anazijua aina mbili za kuungua, na tofauti yake alikuwa nayo kichwani miezi yote hiyo. Hakuna aliyemuuliza. Kila aliyeuona mkono wake aliona korosho, akaandika korosho.

Tukampima nguvu. Alipoambiwa atanue kidole cha mwisho dhidi ya kidole chetu, hakikusogea. Alipobana karatasi kati ya gumba na kidole cha shahada na sisi tukaivuta, gumba lilijikunja kwenye kiungo cha juu kufidia msuli uliochoka. Hiyo ni alna tena. Ngozi ya upande ule ilikuwa kavu, haitoi jasho, ingawa mgongo wake ulikuwa umelowa kwa joto la Novemba. Nikamwonyesha kijana jinsi ya kuipapasa neva nyuma ya kiwiko, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto. Ya kushoto ilikuwa nene, na alipoigusa tu mama alivuta mkono.

Sasa tulikuwa na neva nene yenye maumivu, ganzi na udhaifu katika eneo lake, na ngozi isiyotoa jasho. Kijana alinyamaza. Nikamuuliza kama amemtazama ngozi mahali pengine. Hakuwa amemtazama, kwa kuwa rufaa ilihusu mkono.

Muuguzi wa kike alimwingiza chumbani. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, palikuwa na baka lililofifia rangi kuliko ngozi ya pembeni. Mama alisema ni la salfa, lilitoka mwaka juzi alipokuwa anasaidia kupulizia mikorosho. Mitaani wengi wangemkubalia, kwa sababu salfa nayo huwasha ngozi na macho, na kila baka la msimu wa kupulizia husingiziwa salfa. Muuguzi alimfumba macho akamgusa kwa ncha ya kalamu ya wino, akimwomba aonyeshe alipoguswa. Pembeni ya baka alionyesha sawasawa. Ndani ya baka hakuonyesha kitu. Mgongoni yalikuwepo mengine, ambayo mwenyewe hakuyajua.

Kwa nini hakuna aliyefikiria ukoma

Baka lililopoteza hisia ni mojawapo ya ishara kuu za ukoma. Neva nene yenye ganzi au udhaifu katika eneo lake ni nyingine, na ya tatu ni bakteria kuonekana kwenye hadubini. Moja tu kati ya hizo inatosha kuuthibitisha. Mama alikuwa na mbili, na wahudumu kadhaa walikuwa wameupita mkono wake.

Siwalaumu sana. Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita kuutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii. Mafanikio hayo ni ya kweli. Ila wastani wa nchi hauwi wastani wa kila kijiji, na mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, imeendelea kuwa miongoni mwa inayogundua wagonjwa. Kijana aliyesoma baada ya hapo ameusoma ukoma kama historia. Anajua kwamba Hansen aliona bakteria wake mwaka 1873 huko Norway, anajua majina ya dawa, lakini hajawahi kuishika neva nene kwa vidole vyake. Mwenye kufikiri kwa makini hujiuliza pia, "Hapa nilipo, ni kipi kinachotokea?" Takwimu ya taifa haimjibu swali hilo.

Muda nao ulikuwa jambo kubwa. Udhaifu wa neva katika ukoma ukiwa na chini ya miezi sita, prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, inaweza kurudisha sehemu ya nguvu na hisia. Ukipita hapo, matumaini hupungua. Kwenye fomu, mbele ya "ilianza lini", palikuwa pameandikwa "muda mrefu". Kijana alirudi kwa mama na kalenda ya shamba: kidole kiliacha kutanuka kabla mikorosho haijachanua au baada? Mama akakumbuka kwamba wakati maua yametoka bado alikuwa anafunga kamba ya ndoo kwa mkono huo, na korosho za kwanza zilipoanguka hakuweza tena. Maana yake ni miezi michache tu. Swali hilo moja, lililoulizwa kwa kalenda ya muulizwaji, ndilo lililotufanya tumpeleke siku ile ile badala ya kumpangia wiki inayofuata.

Namna ya kusema

Hapa nilimzuia kijana. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetegua kitendawili, tayari amefungua mdomo pale pale mkekani, wifi akisikiliza. Ukweli wa namna hii hausemwi mbele ya wifi. Mama huyu hubangua pamoja na wenzake, korosho zake zinaliwa, na jina la ugonjwa lingefika kijijini kabla ya yeye mwenyewe.

Watafiti wa Marekani, Cheryl Mattingly na Maureen Fleming, walieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtoa tiba wa fani yetu hufikiri kwa njia kadhaa kwa mpigo: anafikiria ugonjwa na taratibu zake, anamfikiria mtu aliye mbele yake, na anayafikiria maisha ya mtu huyo yalivyo na yatakavyoweza kuwa. Kijana alikuwa amefanya vizuri kwenye ile ya kwanza. Ile ya pili alikuwa anaikimbia.

Tulizungumza na mama chumbani, yeye na muuguzi na sisi. Tulimwambia tulichokiona: neva ya mkono imevimba, baka halina hisia, na tunataka mtaalamu amwone leo, kwa sababu kama ni hicho tunachokifikiria, dawa ipo na ni bure. Yeye ndiye aliyelitaja.

"Mnasema ukoma."

Hatukuzungukazunguka. Tukamwambia ndiyo, tunashuku hivyo, anayethibitisha ni mwingine, na mtu akishaanza dawa haambukizi tena. Aliuliza kama itambidi aondoke nyumbani. Tukamjibu hapana. Aliuliza kama ataendelea kubangua. Tukamwambia hilo tutalipanga naye.

Mratibu wa kifua kikuu na ukoma alithibitisha. Kwa wingi wa mabaka aliwekwa kwenye kundi la dawa za miezi 12: rifampisini, dapsoni na klofazimini, na daktari akaongeza prednisoloni ya kupunguzwa polepole. Watu wa nyumbani kwake nao waliitwa kuchunguzwa, kama utaratibu unavyotaka. Sisi tulichoongeza ni kumwonya kwamba mkojo utageuka mwekundu na ngozi itakolea weusi. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu ya ngozi tu, na aliyeonywa huvumilia.

Mpango uliobaki wetu

Mpango wa awali haukufutwa wote, ila karibu kila kipengele kiligeuka. Splinti ya kifundo iliondoka. Badala yake kiwiko kilipata splinti laini ya kukipumzisha wakati neva ina uvimbe, na baadaye vidole viwili vilivyojikunja vikapata splinti ndogo inayozuia viungo vya chini visinyooke kupita kiasi, ili vile vya juu viweze kufunguka.

Glovu zilileta mabishano. Kijana alizitaka kwa nguvu. Mama alisema ukizivaa, korosho inateleza na kigongo kinakuangukia. Mimi nilikuwa na hoja nyingine: mkono usio na hisia ukiufunika, unaficha jeraha. Tulikubaliana kwamba kinachohitaji kinga ni kuchoma, kubangua kuna nafuu yake. Kwa hiyo bati likawekewa mshikio mrefu wa mti uliozungushiwa kitambaa, na mkono wa kushoto haukai tena ukingoni. Kubangua aliendelea nako, kwa vidole vile vile vitatu, kwa sharti kwamba kila jioni anautazama mkono wote kwa macho, kila kidole, mbele na nyuma, kwa kuwa maumivu hayatamwita.

Halafu suala la kuloweka. Mwongozo wa kutunza mkono mkavu usio na hisia unasema ulowekwe kwenye maji kama nusu saa kila siku, kisha upakwe mafuta ukiwa bado na unyevu. Ni ushauri mzuri sana kwa mtu mwenye bomba. Mama anatoka uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba, ambako ndoo ya maji ina safari na ina bei. Kijana alishaandika "aloweke mkono kila siku" akataka kufunga faili. Nikamuuliza maji yatatoka wapi na yakishatumika yataenda wapi. Aliporudi kumuuliza mama, ilibainika kwamba maji ya mwisho ya kuosha vyombo hutunzwa kwa ajili ya mbuzi. Sasa beseni la maji safi linauhudumia mkono kwanza, halafu vyombo, halafu mbuzi, na mafuta ni ya nazi.

Kuhusu wenzake wa kikundi, mwenyewe aliamua. Alimwambia mwenyekiti wao peke yake. Wengine wanajua ana "ugonjwa wa neva", ambao kwa kweli anao.

Baada ya dozi ya prednisoloni kwisha, kidole cha mwisho kilitanuka na kuhimili msukumo mdogo. Hisia za ukingo wa kiganja zimerudi kwa sehemu tu, na huenda zikabaki hivyo. Bado anavaa splinti ya vidole usiku.

Idarani tumebadilisha vitu viwili. Hakuna splinti inayokatwa kwa mgonjwa wa ganzi kabla ya kalamu ya wino kupita kidole kwa kidole na neva ya kiwiko kupapaswa pande zote mbili. Na kwenye fomu, chini ya "tatizo", tumeongeza mstari: *nikiona nini nitajua siyo hili?* Mwenzetu mmoja analalamika kwamba siku ya foleni ndefu mstari huo ni anasa. Ana hoja, na wakati mwingine unaachwa wazi. Lakini nimehudhuria semina za fikra tunduizi zenye hatua saba ukutani na posho mezani, na sijaona iliyomfanya mtu aende kutazama kiwiko kilipo.

Hivi karibuni kijana alimpokea mvuvi wa Mikindani mwenye maumivu ya bega. Kwenye "tatizo" aliandika kuvuta nyavu. Kwenye mstari mpya akaandika kwamba atakubali siyo nyavu kama shingo ikigeuzwa inaleta maumivu yale yale, kama kuna ganzi popote, au kama bega linauma hata lisipovuta. Akapima yote, akafunga kamba dirishani, akamwambia avute kama yuko chomboni. Shingo safi, hisia timamu, na maumivu yalikuja pale tu mkono unapopanda juu ya bega ukiwa na uzito. Zilikuwa nyavu kweli.